Taksi Iliyokataa Kupiga Stata Ikiwa Moto: Uchambuzi wa Kisa Kimoja cha Tororo

Gari linalohusika ni Toyota Hiace ya kizazi cha nne, yenye injini ya dizeli aina ya 3L ya sentimita za ujazo 2,779 na gia za mkono, ambayo hufanya kazi ya taksi ya abiria 14 kati ya Tororo na Mbale, mashariki mwa Uganda. Malalamiko ya mwenye gari yalikuwa mafupi. Asubuhi gari liliwaka bila taabu, lakini baada ya kufika Mbale na kuzima injini ili kusubiri abiria, ufunguo ulipozungushwa tena stata ilitoa mlio mmoja hafifu, na wakati mwingine haikutoa hata huo. Injini haikuzunguka kabisa. Ikiachwa ipoe kwa muda, iliwaka kana kwamba hakuna lililotokea. Kwa kuwa taksi haiwezi kukaa kituoni ikingoja kupoa huku nyingine zikijaza, dereva na kondakta wake walikuwa wamezoea kuwashusha abiria wa viti vya nyuma ili waisukume.

Kabla gari halijafikishwa kwenye karakana yetu, lilikuwa limepita mikononi mwa mafundi wengine. Kwanza lilinunuliwa betri mpya ya N70, na tatizo likatoweka kwa muda mfupi kisha likarudi. Baadaye stata ilibadilishwa kwa nyingine iliyotumika, iliyoletwa kutoka soko la Kisekka mjini Kampala, na safari hii nafuu ilidumu zaidi, kiasi kwamba mwenye gari aliamini ugonjwa umekwisha. Uliporudi, alishauriwa atafute stata nyingine kwa madai kwamba ile ya Kisekka ilikuwa mbovu tangu ilipotoka dukani. Historia hiyo ndiyo iliyofanya kisa hiki kiwe kigumu kuliko hitilafu yenyewe, kwa sababu kila kifaa kilichobadilishwa kilionekana kutoa ushahidi dhidi yake kwa kuponya, na fundi anayeamini ushahidi wa namna hiyo atakwenda kununua stata ya tatu.

Jambo la kwanza la kuthibitisha ni kwamba injini haizunguki. Madereva husema gari limekataa kuwaka kwa hali mbili zisizohusiana: ile ambayo stata inazungusha injini lakini moto haushiki, na ile ambayo injini haisogei hata kidogo. Hali ya kwanza humpeleka fundi kwenye dizeli, kwenye hewa iliyoingia katika mfumo wa mafuta, au kwenye plagi za kupasha joto. Hali ya pili ni ya umeme wa stata au ya injini iliyokwama, na ndiyo iliyokuwa mbele yetu. Kukwama kwa injini kuliondolewa mapema, kwa kuwa gari lililosukumwa likawaka kwa gia ya pili lina injini inayozunguka.

Baada ya hapo zilitumika taa, kipimo kisichogharimu kitu ambacho mafundi wengi hukiruka kwa haraka ya kufungua boneti au, kwa gari la aina hii, kuinua viti vya mbele. Taa kubwa huwashwa, mtu mmoja huzungusha ufunguo hadi mwisho, na mwingine hutazama mwanga. Zikififia karibu kuzimika, maana yake ni kwamba mkondo mkubwa unadaiwa na betri haiwezi kuulipa, ama kwa sababu betri ni dhaifu, ama nguzo zake zimeota kutu, ama stata imekaza na inavuta kupita kiasi. Zikififia huku kukisikika mlio wa kugonga kwa mfululizo, kwa kawaida ni betri iliyoisha: solenoidi, yaani swichi ya umeme ya stata, inashika, volti zinaanguka, inaachia, volti zinapanda, inashika tena. Lakini taa zikibaki na mwanga wake, basi ule mkondo wa mamia ya ampea unaohitajika kuzungusha injini ya dizeli yenye mgandamizo wa zaidi ya 20 kwa 1 haujaanza kutoka kwenye betri. Kuilaumu betri katika hali hiyo ni sawa na kumlaumu mpishi kwa chakula ambacho hakuna aliyekiagiza.

Kwenye gari hili taa zilififia kidogo tu, kiasi ambacho mtu asiyekuwa makini asingekiona. Dalili hiyo pekee ilitosha kutilia shaka ununuzi wa betri.

Ili kuelewa ni nani aliyebaki kushukiwa, inafaa kukumbuka kazi ya solenoidi, kile kipande kama mkebe kinachoandamana na mota ya stata. Ndani yake mna koili mbili zilizozungushiwa kiini cha chuma. Koili ya kuvuta ina waya mnene, na mkondo wake huenda kupata ethi, yaani njia ya kurudi kwenye nguzo hasi ya betri, kupitia mota yenyewe. Koili ya kushikilia ina waya mwembamba na ethi yake ni mwili wa stata. Umeme ukifika kwenye ncha ya 50, ambayo ni ncha ya waya mdogo unaotoka upande wa ufunguo, koili zote mbili hufanya kazi pamoja kuvuta kiini. Kiini husogeza gia ndogo ishikane na meno ya flaiwili, lile gurudumu zito la injini, kisha mwisho wa safari yake hubana vibati viwili vya shaba, ambavyo hupitisha mkondo mkubwa kutoka ncha ya 30, yenye waya mnene wa betri, hadi kwenye mota. Vibati vikishagusana, koili ya kuvuta huwa na volti zilezile pande zote mbili, hivyo mkondo wake hukatika, na kazi ya kukishikilia kiini hubakia kwa ile koili ndogo.

Taa zinapobaki na mwanga, basi, washukiwa wakuu ni wawili: ama kiini kinafika mwisho lakini vibati vya shaba vimelika na havipitishi umeme, ama kiini hakifiki kwa sababu ncha ya 50 hailetewi umeme wa kutosha. Kulika kwa vibati ni ugonjwa maarufu wa stata za Denso zilizomo katika Toyota nyingi, na dalili yake ni mlio mmoja mzito, wenye nguvu, kwa sababu kiini kinagonga mwisho wa njia yake. Mlio wa gari hili ulikuwa hafifu, mara nyingine haukuwapo. Sikio peke yake si kipimo, ila lilituonyesha tuanzie wapi.

Upimaji ulifanywa gari likiwa moto, baada ya kuendeshwa kwenye barabara ya Mbale hadi likakataa kuwaka. Sharti hili halikuwa la hiari. Injini ikiwa baridi, solenoidi hii ilifaulu kuvuta kwa sehemu ndogo ya sekunde, na mara ilipofaulu, koili ya kuvuta iliacha kudai mkondo, kwa hiyo mita ya kawaida isingewahi kuonyesha hali ya waya wakati wa mzigo mkubwa. Solenoidi iliyoshindwa kuvuta, kinyume chake, huendelea kudai mkondo wote kwa muda ambao ufunguo umeshikiliwa, na fundi hupata nafasi ya kusoma. Hata hivyo ufunguo haufai kushikiliwa zaidi ya sekunde mbili au tatu, kwa kuwa koili hizo hazikutengenezwa kuvumilia hali hiyo.

Betri ilisoma volti 12.6 ikiwa imepumzika, kiasi kinachofaa kwa betri iliyojaa. Ufunguo uliposhikiliwa kwenye nafasi ya kupiga stata, nguzo za betri zilisoma volti 12.4, na ncha ya 30 ya stata ilisoma vilevile. Ncha ya 50 ilisoma volti 7.5. Mita ya kubana, ile inayopima mkondo kwa kuukumbatia waya, ilipowekwa kwenye waya wa ncha hiyo ilionyesha ampea 25. Volti 4.9 zilikuwa zinapotea mahali fulani kati ya betri na ncha ya 50, kwenye njia ya waya mdogo, na hakuna betri mpya wala stata mpya ambayo ingeziokoa.

Kuthibitisha, gia ziliwekwa huru, breki ya mkono ikavutwa, na ncha za 30 na 50 zikaunganishwa kwa kipande cha waya mnene chenye swichi ya kubonyeza. Mafundi wengi hutumia bisibisi, nami nimeona bisibisi zikiungana na shaba na mikono ikiungua. Waya wenye swichi ni wa bei ndogo kuliko bisibisi. Stata ilizunguka mara moja, kwa nguvu, na injini ilipokuwa inazunguka upotevu wa volti ulipimwa pia kwenye waya mnene wa betri, ukawa 0.3, na upande wa ethi, kati ya nguzo hasi na mwili wa stata, ukawa 0.2. Vipimo hivi viwili vina maana tu mota inapozunguka. Anayepima ethi wakati stata imekaa kimya, huku zikipita ampea 25 tu, atapata tarakimu ndogo inayopendeza na ataondoka akiamini ethi ni nzima hata kama imeoza.

Stata ya Kisekka, basi, ilikuwa nzima. Yaelekea hata ile ya kwanza, ambayo mwenye gari alikuwa ameitoa kwa muuzaji ili apunguziwe bei, ilikuwa nzima pia.

Kilichobaki kilikuwa kuifuata njia ya waya mdogo hatua kwa hatua, kwa kupima upotevu wa volti katika kila kipande wakati ufunguo umeshikiliwa. Kutoka betri hadi kuingia kwenye swichi ya ufunguo zilipotea volti 0.4. Ndani ya swichi yenyewe zilipotea 0.5, kiasi kinachoonyesha swichi iliyozeeka. Kutoka pale, waya ambao kwa asili ulipaswa kuteremka moja kwa moja kuelekea stata uliingia ndani ya furushi la utepe mweusi nyuma ya dashibodi, upande wa miguu ya dereva, ukatokea upande wa pili. Kati ya pande hizo mbili za furushi zilipotea volti 3.6. Kipande kilichobaki hadi ncha ya 50 kilikula 0.4.

Utepe ulipoanza kufunguliwa, dereva alisogea haraka.

“Fundi, hicho ni cha watu wa mkopo. Hakiguswi.”

Ndani ya furushi mlikuwa na rilei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, ya kifaa cha kufuatilia gari. Mwenye gari alikuwa amekopa kwa kuweka kadi ya gari dhamana, na kampuni iliyomkopesha, kama ilivyo desturi ya wakopeshaji wengi wa Uganda, ilifunga kifaa kinachoonyesha gari liko wapi na kinachoweza, kwa amri ya simu, kuzuia lisiwashwe endapo malipo yatakwama. Uamuzi wa kukata njia ya stata badala ya kukata mafuta ni wa busara, kwa kuwa taksi yenye watu 14 haipaswi kuzimikiwa injini ikiwa barabarani. Amri ikija gari likiwa linatembea, litaendelea hadi litakapozimwa. Lawama yangu inahusu ufungaji. Waya wa asili ulikatwa, ukaunganishwa kwa waya wenye unene usiofika nusu yake, na maungio yakasokotwa kwa vidole tu, bila kubanwa kwa kiungio wala kutiwa risasi ya kulehemu. Maungio mawili yalikuwa yamegeuka rangi ya kijani na nyeusi. Plastiki ya rilei ilikuwa imelainika na kupinda kuzunguka ncha moja.

Ncha yenyewe ilieleza mengi. Rilei ilifungwa kwa kutumia ncha ya 87a, ile inayogusana wakati rilei haina umeme, ili gari liweze kuwaka hata kifaa cha kufuatilia kikikosa chaji. Katika upande huo vibati hushikamana kwa nguvu ya springi peke yake, na ndiyo sababu rilei nyingi za aina hii huandikwa tarakimu mbili za ampea, ile ndogo ikiwa ya upande wa 87a. Springi iliyopashwa joto mara kwa mara hulegea, mgusano huwa hafifu, mgusano hafifu huzaa joto zaidi, na barabara zenye mashimo humalizia kazi. Volti 3.6 zikizidishwa kwa ampea 25 ni wati 90, zaidi ya balbu moja ya taa kubwa ya mbele, zote zikichomekwa ndani ya kijisanduku cha plastiki kinachoshikika kwa vidole viwili.

Je, kwa nini tatizo lilitokea gari likiwa moto tu, ilhali rilei iko ndani ya chumba cha dereva, mbali na injini? Ukinzani wa shaba, yaani kiasi inachouzuia mkondo, huongezeka kwa takribani asilimia 0.39 kwa kila nyuzijoto moja ya Selsiasi. Koili za solenoidi zinapopanda kutoka nyuzi 25 hadi 100, jambo la kawaida kwa stata iliyojibana ubavuni mwa injini iliyotoka safari, ukinzani wake huongezeka kwa karibu asilimia 29, na mkondo unaopita kwa volti zilezile hupungua. Stata zote hupungukiwa hivyo, na watengenezaji huziwekea akiba ya nguvu kwa sababu hiyo. Kama waya wa gari hili ungekuwa mzima, koili zake zikiwa moto zingepata ampea 35 hivi badala ya 25, na kwa kuwa mvuto wa koili hufuata takribani mraba wa mkondo, solenoidi hii ilikuwa inafanya kazi kwa karibu nusu ya mvuto wake halali. Asubuhi, koili zikiwa baridi, nusu na kidogo ilitosha. Mbale, mchana, haikutosha.

Hapo pia ndipo zile tiba za muda zinapoeleweka. Betri mpya iliongeza sehemu ndogo ya volti, na sehemu hiyo ikatosha kukivusha kiini kwenye mpaka wa kushindwa, hadi rilei ilipoharibika zaidi. Stata ya pili yaelekea ilikuwa na kiini kinachoteleza vizuri kuliko cha kwanza, kwa hiyo ilihitaji mvuto mdogo, nayo ikanunua muda zaidi. Hata ile nyundo ambayo kondakta alikuwa akiitumia kugonga stata, na ambayo ilifaulu mara kadhaa, haikuthibitisha ubovu wa stata: kiini kinachovutwa kwa nguvu pungufu husogea kikitikiswa.

Swali la nini kifanyike halikuwa la umeme peke yake. Njia ya mkato ilikuwa kuiruka rilei na kuunganisha waya wa asili, kazi ya dakika chache, na mwenye gari, ambaye alikuwa amefika karakana, alitaka hivyo. Nilimwambia, “Mzee, hiki kifaa kimo kwenye mkataba wako. Wapigie simu kwanza.” Fundi anayekata kifaa cha mkopeshaji humwingiza mteja wake katika ugomvi ambao gharama yake inazidi mbali bei ya matengenezo. Kampuni ilimtuma mtu wake, ambaye alikubali alichoonyeshwa na mita bila mabishano, na matengenezo yakafanywa akiwapo.

Kubadilisha rilei kwa mpya ya aina ileile kungelirudisha gari barabarani, lakini mkondo wote wa koili za solenoidi ungeendelea kupita kwenye rilei hiyo na kwenye swichi ya ufunguo iliyochoka. Kwa hiyo iliongezwa rilei nyingine ya ampea 40 karibu na betri, ikitumia ncha zinazogusana pale tu inapopewa umeme. Waya wa milimita za mraba 4 ulitolewa betri, ukapitishwa kwenye fyuzi ya ampea 30, ukapita kwenye rilei hii hadi ncha ya 50; fyuzi hiyo huvumilia mkondo mkubwa wa mwanzo kwa sababu mkondo huo hudumu kwa sehemu ya sekunde, kisha koili ya kushikilia hubaki peke yake na mkondo mdogo. Njia ya zamani, yaani swichi ya ufunguo pamoja na rilei ya mkopeshaji, ambayo pia ilibadilishwa na maungio yake kubanwa na kulehemiwa, sasa kazi yake ni kuiamrisha rilei mpya tu, ambayo koili yake hudai takribani ampea 0.15. Hata mgusano ukichakaa kama ule wa awali, upotevu kwa mkondo huo ni sehemu mbili tu za mia za volti. Mtu wa kampuni alituma amri ya kuzuia na stata ikanyamaza, akaiondoa, ikapiga.

Gari lilirudishwa kwenye barabara ya Mbale hadi likawa moto, likazimwa, na likapigwa stata papo hapo mara kwa mara. Mota ikizunguka, betri ilishuka hadi volti 10.4, na ncha ya 50 ilisoma 10.1. Swichi ya ufunguo haikubadilishwa, ingawa mwenye gari alikuwa tayari kuilipia, kwa kuwa mzigo wake wa stata umekwisha kuondolewa na kasoro iliyobaki ndani yake haina tena madhara kwenye mfumo huu. Rilei mpya, soketi yake, waya na fyuzi kwa pamoja havikufika sehemu ya kumi ya alichotumia kwa betri na stata. Mchoro wa njia mpya ya waya, pamoja na rangi za waya na mahali fyuzi ilipo, uliandikwa kwenye karatasi ngumu na kufungwa ndani ya kifuniko cha fyuzi, upande wa dereva, ili fundi wa Mbale au wa kituo kingine atakayeikuta fyuzi imekatika asianze tena kwenye stata.